Ekaale Lochoro, Aliyewatibu Kuku wa Wabera kwa Gome la Mti

Padri wetu, chifu, wazee, akina mama wa kikundi cha mtaa wa Wabera, wenzake marehemu wa ofisi ya mifugo na majirani wa dini zote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, familia ya mzee Lochoro wa Oldonyiro inawashukuru kwa kufika, na imenituma mimi, Erot, mdogo wake marehemu, nisome maisha ya ndugu yetu tangu alipoingia duniani mpaka alipotutoka, ili hata aliyekuja hapa kwa kumsindikiza jirani yake arudi nyumbani akijua amemzika mtu gani.

Ekaale Lochoro alizaliwa mwaka wa 1941 karibu na Oldonyiro, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Lochoro Emuron, ambaye tuko naye hapa, na mama Nakal, aliyefariki mwaka wa 1982. Siku yenyewe ya kuzaliwa haijulikani, ila mama alikuwa akisema ilikuwa wakati wa mvua, mbuzi wakizaa, na padri alipombatiza mwaka wa 1953 akamwandikia tarehe 12 Aprili na jina la Yakobo, tarehe akaitumia katika karatasi zote za serikali, jina akaliacha kanisani. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mbuzi, na kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa akiwatibu wanyama wa boma letu, yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuleta majani, mizizi na magamba ya miti, akichapwa akileta ya mti usio wenyewe.

Mwaka wa 1950 chifu wa wakati ule aliamuru kila boma litoe mtoto mmoja aende shule, na baba akamtoa Ekaale, si kwa kuwa alimwona ana akili kuliko wengine, bali kwa kuwa alikuwa mzito wa kukimbiza ndama, jambo ambalo mzee mwenyewe amelisimulia mara nyingi mbele ya mwanawe na wote wawili wakicheka. Alisoma mjini Isiolo katika shule ya misheni, akikaa kwa shangazi yetu, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1958, na mwaka uliofuata akaandikwa kazi na serikali, kazi ya kushika ng'ombe wakati wa chanjo. Miaka ya vita vya shifta huku kaskazini ilimkuta katika kazi hiyo, akitembea na kikosi cha chanjo kutoka kisima hadi kisima, na alikuwa hapendi kuizungumzia miaka hiyo, kwa hivyo na sisi tunaiacha hapo. Tarehe 5 Januari 1970 aliingia chuo huko Kabete kusomea kazi ya msaidizi wa afya ya mifugo, akahitimu Desemba 1971, akarudishwa Isiolo, na tangu siku hiyo hakuomba uhamisho hata mara moja.

Jumamosi tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa kanisani na Jecinta Akiru, binti wa hapa hapa mjini, msimamizi wa arusi akiwa rafiki yake Nangiro, ambaye wengi mnamjua kwa duka lake pale sokoni. Mungu aliwajalia watoto wanne: Lochoro aliyezaliwa mwaka wa 1973, Nakal aliyezaliwa mwaka wa 1975, Emuron aliyezaliwa mwaka wa 1978, na kitinda mimba wao wa kike aliyezaliwa Machi 1981 na kufariki Juni mwaka huo huo, ambaye amelala katika makaburi haya, na leo baba yake atalazwa kando yake.

Sasa, kuna wanaojua kwamba kwetu, zamani, kuku hakuwa mnyama wa kuhesabiwa. Mtu aliulizwa ana mifugo mingapi akataja ngamia, ng'ombe, mbuzi na punda, na kama mkewe alikuwa na kuku, basi hao walikuwa shauri lao na mwewe. Ekaale alilelewa hivyo, chuo hakikumbadilisha, na mwaka wa 1976 mkewe aliponunua kuku kwa mama mmoja wa Kimeru aliyekuwa akipita na matenga, yeye alikuwa akiwazunguka tu uani kama mtu anayepita kati ya wageni asiowaalika. Mayai hakula. Baada ya miezi kadhaa wale kuku walianza kukonda, wanakula mtama na bado kifua ni mfupa mtupu, manyoya yamesimama, wanakaa kivulini mchana kutwa, na Jecinta akamwambia mumewe maneno ambayo marehemu mwenyewe alipenda kuyarudia kwa wageni: "Baba Lochoro, serikali inakulipa kwa udaktari wa wanyama. Hawa ni miti?"

Alichukua kisu, akampasua mmoja aliyekuwa amekufa asubuhi hiyo, na ndani ya utumbo akakuta minyoo myeupe imejaa na kushikana kama nyuzi za gunia, kiasi kwamba chakula hakikuwa na njia. Alituambia baadaye kwamba alisimama pale akiona aibu kidogo, si kwa sababu ya kuku, bali kwa sababu alikuwa ameishi na ugonjwa ule uani kwake na hakuutazama. Dawa za minyoo zilizokuwa ofisini zilikuwa za ng'ombe na mbuzi, zilikuja kwa kibali na zilikwisha haraka, na hakuna aliyejua kipimo cha kumpa kiumbe wa uzito wa kuku, kwa hiyo Jumapili iliyofuata alipanda lori la mbuzi hadi Oldonyiro kumwuliza mama juu ya mti ule ambao Wasamburu huuita mukutan na sisi Waturkana ekapangiteng, ambao gome lake mama alikuwa akilichemsha na kuwanywesha mbuzi wenye minyoo. Mama alifikiri anauliza kwa ajili ya mbuzi wa serikali. Alipoambiwa ni kuku alimwuliza kama huko mjini watu wamekosa kazi, lakini asubuhi alimwongoza mpaka kwenye mti na kumwonyesha upande wa kuchubua ili mti usife.

Mara ya kwanza alikosea. Alichemsha gome mpaka maji yakawa na povu kama ya sabuni, akawanywesha kuku wote wa mkewe wakiwa hawajala kitu, na kabla ya jua kutua waliokuwa dhaifu zaidi walikuwa wamelala chini hawaamki. Jecinta aliwazika mwenyewe nyuma ya choo na kwa siku kadhaa hakumsemesha mumewe ila kwa kupitia watoto. Lakini marehemu aliona kitu kingine, kwamba wale waliopona walitoa minyoo, tena mingi, na kwamba baada ya wiki chache vifua vyao vilianza kujaa, na hapo ndipo alipoelewa kwamba dawa iko, kinachokosekana ni kipimo. Alinunua kuku wengine kwa mshahara wake, akajenga kibanda nyuma ya ofisi, na kuanzia 1977 mpaka 1983, kila alipomaliza safari za chanjo, alikuwa pale, akipima gome kwa mizani ya posta iliyotupwa, akichemsha kidogo, akijaribu kwa kuku mmoja kwanza, akingoja, akipasua waliokufa na wakati mwingine wazima pia. Ni miaka hiyo alipopewa jina la Daktari wa Kuku, na waliompa hawakuwa wanamsifu.

Daktari Hirbo Dima, aliyekuja kuwa daktari wa mifugo wa wilaya mwaka wa 1980 na ambaye yuko hapa nasi, ametuomba tusimfiche katika habari hii. Alimkuta msaidizi wake amekunja mikono ya shati, mbele yake utumbo wa kuku juu ya bati, akamwambia, "Ekaale, ng'ombe wa Merti wanakufa na homa ya mapafu, na wewe uko nyuma ya ofisi unapasua kuku." Marehemu akamjibu kwa upole kwamba ng'ombe wa Merti amewachanja wiki iliyopita na taarifa iko mezani, kisha akamwomba ainame aangalie kitu. Daktari aliinama. Hakubadili mawazo siku ile, alimwandikia onyo kwa kutumia ua wa serikali, lakini kibanda hakukiondoa, na mwezi uliofuata alileta darubini ya ofisi na kumfundisha namna ya kuyatambua mayai ya minyoo katika mavi ya kuku, jambo ambalo marehemu hakuwa amelipata chuoni, na alikuwa akisema wazi kwamba bila darubini ile na bila mwalimu yule angebaki mtu wa kukisia tu.

Kisha ukaja ukame wa 1984, ambao hakuna haja ya kuueleza mbele ya watu wa Isiolo. Ng'ombe wa baba walikwisha wote, mbuzi wakabaki wachache wasioweza kusimama, na mwezi wa Septemba mzee Lochoro aliingia mjini kwa miguu akiwa na fimbo na kigoda chake, akaishi kwa mwanawe pale Wabera. Kwa miezi alikaa uani akitazama upande wa Oldonyiro. Siku moja, bila kuambiwa na mtu, aliinuka na kumrushia mwewe jiwe, na kuanzia hapo akawa mlinzi wa kuku wa mkwe wake, akiwajua mmoja mmoja kwa rangi kama alivyowajua ng'ombe wake, akiwapa majina ya ng'ombe waliokufa. Marehemu alimwona akifanya hivyo na hakumtania. Alimwambia mkewe tu kwamba kazi ya kibanda sasa haina mchezo, kwa sababu kabla ya ukame kuku walikuwa kitoweo na fedha ya chumvi, na sasa katika nyumba nyingi za mji huu, za Waturkana, Waborana na Wasomali, ndio mifugo pekee iliyobaki.

Wakati huo akina mama wa Wabera walikuwa wamejiunga katika kikundi chini ya mama Luul Ahmednur, mjane, jirani yetu ukuta kwa ukuta, ambaye baba yake alikuja hapa akiwa askari. Kuku wao walikuwa wengi na walikuwa wakifa, na mama Luul alikuja mlangoni, akatoa salaam, akamwambia Jecinta, "Mama Lochoro, mwambie mzee wako tumesikia ana mti. Hatutaki hadithi, tunataka kuona." Marehemu alifurahishwa na neno hilo la mwisho kuliko yote. Mwaka wa 1985, kwa ruhusa ya Daktari Hirbo, waliwagawanya kuku wa kikundi mafungu mawili, wenye uzi mwekundu mguuni wakapewa maji ya gome kwa kipimo alichokuwa amekipata, wasio na uzi wakapewa maji matupu, wote wakila chakula kimoja na kulala banda moja, na daktari mwenyewe ndiye aliyeangalia mavi kwa darubini bila kuambiwa yametoka fungu lipi. Matokeo yalionekana hata kwa asiye na darubini. Wenye uzi walinenepa na kurudi kutaga, na akina mama wakaanza kuwafunga nyuzi nyekundu kuku ambao hata hawakuwa katika jaribio.

Lakini kulikuwa na ugonjwa wa pili, ule wa vifaranga, kuhara damu, ambao hauletwi na minyoo bali na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ambao ukiingia bandani unaweza kulimaliza kundi la vifaranga katika muda wa wiki. Marehemu alijaribu gome lile lile na halikusaidia kitu, vifaranga vilivyokunywa vilikufa sawa na visivyokunywa. Akajaribu shubiri, akajaribu majani ya mwarobaini, akajaribu kitunguu saumu alichopewa na Wameru wa sokoni. Shubiri ilimpa matumaini msimu mmoja, mpaka alipogundua kwamba msimu ule ulikuwa mkavu na banda lilikuwa safi, na mvua iliporudi vifaranga vilikufa na shubiri tumboni. Akina mama walipomwuliza alikuwa akijibu neno moja, "Bado," na katika kungoja aliwafundisha kubadilisha matandiko kabla hayajalowa, kutenga vifaranga na kuku wakubwa, kuinua vyombo vya maji vikae mbali na mavi, na kununua dawa ya dukani ikipatikana, bila kuona haya.

Tunafika mwaka wa 1986, ambao familia ilijadiliana kama usomwe au usisomwe, na aliyekata shauri ni Nangiro mwenyewe, aliyesema kwamba historia ya Ekaale bila sehemu hii itakuwa imempunja Ekaale. Nangiro aliona gome linafanya kazi, akawatuma watu kulikata, akalisaga, akalifunga katika vipakiti vyenye picha ya jogoo, na kuviuza hapa, Meru na Marsabit kama dawa ya magonjwa yote ya kuku, akiwaambia wanunuzi kwamba imetoka kwa Ekaale wa ofisi ya mifugo. Marehemu alipata habari kwa mama mmoja wa Garba Tulla aliyemsimamisha sokoni na kumwuliza kwa nini vifaranga vyake vimekufa vyote na alitumia dawa yake. Alikwenda moja kwa moja dukani. Nangiro akamwambia, "Si wewe mwenyewe ulisema inafanya kazi?"

"Nilisema minyoo."

"Na mwenye kuku anajua tofauti?"

"Hajui. Ndiyo maana sisi tunaojua hatuwezi kumwuzia hivyo."

Hawakugombana kwa sauti, lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja hawakukaa pamoja, hata kanisani.

Wakati huo huo habari za dawa ya kuku ya Isiolo zilikuwa zimefika mbali, na wageni kutoka shirika moja la misaada walikuja tarehe 20 Novemba 1986 katika baraza la chifu, wakiwa tayari kulijengea kundi la akina mama nyumba ya kutengeneza dawa hiyo na kuwapa mashine ya kusaga, kwa sharti kwamba ni dawa ya minyoo na ya kuhara damu pia, kwa kuwa hilo ndilo walilolisoma kwenye vipakiti na hilo ndilo lililowaleta. Akina mama walikuwa wamevaa nguo zao nzuri. Mama Luul alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba dawa inatibu yote mawili, akiamini hivyo kwa dhati, kwa maana naye alikuwa amenunua kipakiti cha jogoo na vifaranga vyake vilikuwa bado vizima. Marehemu aliombwa asimame athibitishe. Jecinta, aliyekuwa ameketi kando yake, anasema alimwona akivua kofia, akaivaa, akaivua tena, kisha akasema kwa Kiswahili chepesi ili wote wasikie kwamba gome linatoa minyoo ya kuku wakubwa likipewa kwa kipimo, likizidi linaua, na kwa kuhara damu halifanyi chochote, na kwamba anayemwambia mwenye vifaranga neno jingine anamfilisi. Alisema pia kwamba miti ya ekapangiteng karibu na mji imeanza kukauka kwa kuchubuliwa ovyo. Wageni walimshukuru kwa adabu, wakaondoka, na nyumba haikujengwa.

Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa, na familia iliiona. Kuna waliosema amewaonea wivu akina mama, kuna waliosema amelipwa na wauza dawa wa Nairobi, na mama Luul, ambaye alikuwa akipitisha sahani ya anjera, mkate laini wa Kisomali, juu ya ukuta kila Idi, aliacha kupitisha, na wanawe wakaacha kuja kucheza. Marehemu hakwenda kujitetea. Aliendelea na kibanda chake, akiwa na aibu isiyokuwa yake, na usiku mwingine alikuwa akimwuliza Jecinta kama angeweza kuyasema maneno yale kwa namna nyingine yakaumiza kidogo, na Jecinta akimwambia kwamba hakuna namna hiyo.

Mvua za Aprili 1987 zilileta kuhara damu Wabera nzima. Waliotegemea vipakiti walipoteza vifaranga vyote, waliobadilisha matandiko walipoteza vichache, na asubuhi moja mama Luul alisimama mlangoni akiwa amemkumbatia kuku mwekundu aliyekonda na kushika kifaranga mkononi, akasema, "Salaam aleikum, baba Lochoro. Huyu mkubwa nadhani ni minyoo, kifua kimekwisha na mavi hayana damu. Huyu mdogo ana damu, nimemtenga na wenzake. Niambie kama nimekosea." Marehemu akawachukua wote wawili, akawaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akamwambia hajakosea. Baada ya hapo mama Luul ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwafundisha wenzake kutofautisha, na ndiye aliyemfanya chifu atoe amri kwamba mti wa ekapangiteng usichubuliwe pande zote. Mwisho wa mwaka ule Nangiro aliviondoa vipakiti dukani, ila wao wawili walikuwa bado hawajasalimiana.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi wa Aprili mwaka huu wa 1988, kwanza kama chakula kinachokwama kifuani, ugali haushuki, kisha hata uji ukawa kazi. Alitibiwa Isiolo, tarehe 23 Mei akapelekwa Meru, na tarehe 14 Juni akafikishwa Nairobi ambako alikutwa na saratani ya koo iliyokwisha kusambaa. Aliyempeleka Meru na baadaye Nairobi kwa gari lake ni Nangiro, ambaye alikuja siku aliyosikia, akaingia chumbani bila kubisha, na yaliyosemwa mle ndani hayajulikani na mtu, ila walitoka wameshikana mikono, mmoja akimtegemeza mwenzake. Aliporudi nyumbani mwezi wa Agosti, watu wengi kwa mapenzi yao walimletea dawa za miti, wengine kutoka mbali sana, wakiamini kwamba mtu aliyetibu kwa mti hawezi kukataa mti. Hakuwakaripia. Alimwuliza kila mmoja dawa hiyo imetumika kwa nani, na ilikuwaje kwa ambaye hakupewa, na wasipokuwa na jibu aliwashukuru na kuwaambia kwa sauti yake iliyokuwa imebaki kidogo, "Mimi mti ulinipa dawa ya minyoo ya kuku. Sijasikia ukinipa ya koo." Wengine walicheka naye. Kwa padri alisema hana ugomvi na mtu, na kwa Daktari Hirbo aliomba kibanda kisivunjwe.

Alifariki nyumbani kwake Wabera Jumatatu tarehe 31 Oktoba 1988, saa nne asubuhi, baba yake akiwa ameketi mlangoni na mkewe akiwa ameshika kichwa chake. Ameacha mjane, watoto watatu, baba mzazi, na sisi ndugu zake. Kuhusu kazi yake, Daktari Hirbo ametuambia kwamba taarifa ya jaribio la gome, ikiwa na majina yao wote wawili na jina la kikundi, imepokelewa Nairobi na dawa itajaribiwa upya huko kwa kuku wengi zaidi, na kwamba inaweza kukubalika au kukataliwa, na hivyo ndivyo marehemu angependa tuiseme.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Isiolo, Meru na Nairobi waliomhudumia na kutueleza ukweli bila kutuficha, ofisi ya mifugo iliyotoa gari la kuleta mbao za jeneza, wafanyakazi wenzake waliochanga, padri na jumuiya waliosali nasi kila jioni, majirani Waislamu waliopika kwa mikono yao kwa ajili ya wageni wetu tangu Jumatatu, vijana waliochimba kaburi katika ardhi hii ngumu, akina mama wa kikundi walioomba nao washike jeneza na wakakubaliwa, mama Luul kwa kuwalaza watoto wetu nyumbani kwake siku hizi zote, na Nangiro, ambaye hajalala. Kama kuna tuliyemsahau, atusamehe, ni msiba.

Jecinta hawezi kusimama hapa kuzungumza, ametuomba tuseme hili moja kwa niaba yake. Anasema kwa miaka yote ya ndoa yao mume wake hakuwahi kumgusa, wala kushika mtoto, wala kuketi mezani kabla hajanawa, kwa sababu ya kazi aliyotoka kufanya, kwamba akiingia uani alipita kwanza kwenye debe la maji, akanawa mpaka viwiko akiwa amempa mgongo, ndipo akageuka na kumsalimu, na kwamba yeye alizoea kumngoja pale mlangoni na taulo. Anasema leo alfajiri, kabla jeneza halijafungwa, aliomba abaki naye peke yake, akachota maji, akamnawisha mikono, akaikausha.

Ekaale, mwana wa Lochoro, kazi imekwisha, lala sasa kwa amani kando ya mtoto wako.